Mwenye Sauti ya Redio ya Ugomvi

Ungemsikia kwenye simu kabla hujamwona, ungemwita baba. Wengi walimwita hivyo. Karani wa maji alimwita mzee, mwenye nyumba alimwita bwana mkubwa, na mwalimu wa chekechea aliwahi kumwambia kwa adabu zote, "Nimekuelewa, mzee, lakini naomba nizungumze na mama wa mtoto." Mama wa mtoto ndiye aliyekuwa anasema. Mwanamke mfupi, mwembamba, halafu Mungu akamtilia kooni sauti nzito ya kutetemesha vikombe kabatini. Kazini walimwita Besi, na jina likamganda. Utotoni sauti hiyo ilimliza. Ukubwani ilimpa kazi, ikampa mume, kisha ikaibwa mchana kweupe, na habari hii ni ya jinsi alivyokwenda kuichukua.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya kutangaza ndani ya duka kubwa la nguo na vyombo. Alikaa kwenye kibanda cha kioo karibu na ngazi, akiwaambia wenye magari wasizibe mlango na akina mama wawashike watoto wao mikono. Wateja waligeuka huku na huku kumtafuta huyo mwanamume. Siku moja spika zikafa, akaitwa fundi. Fundi alikuwa kijana mrefu wa maneno machache. Akapanda ngazi, akaunga waya, akasema kutoka huko juu, "Jaribu kusema kitu, dada, nisikie."

"Wateja wapendwa," Besi akasema, na duka zima likasikia, "fundi aliye juu ya ngazi ameacha zipu wazi."

Fundi nusura aanguke. Kabla mwaka haujaisha, alikwenda kwao kupeleka posa, na Besi akaolewa.

Huyo Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja, muziki wa roki. Gitaa za umeme zikilia, yeye hufumba macho kama mtu aliyekunwa mgongoni. Majirani walisema ni muziki wa kubomolea nyumba. Hakuna redio iliyokuwa ikiupiga, basi akaamua ataianzisha mwenyewe. Mitambo aliijua. Maofisini ndiko kulikokuwa na taabu, maana kule wanataka mtu mwenye tai, mwenye kujua kucheka na makarani, mwenye kuvumilia kuambiwa njoo kesho. Fundi hakuwa na tai. Mdogo wake alikuwa nayo. Mdogo mtu akatumwa kushughulikia kibali, akashughulikia kweli, na kibali kikatoka kwa jina lake. Fundi akasema si neno, huyu ni damu yangu. Besi aliguna tu. Baadaye alijilaumu kwamba aliguna badala ya kupiga kelele.

Wakapanga chumba juu ya gereji ya kubadilishia matairi. Fundi akapanda juu ya paa na antena. Besi akazunguka mitaa kuomba magodoro yaliyotupwa, akayapigilia ukutani mwenyewe ili milio ya gereji isiingie kwenye maiki, na kwa miezi mingi alirudi nyumbani akinuka usingizi wa watu wengine. Juu ya mlango waliweka taa nyekundu: ikiwaka, maiki iko wazi, na anayeingia akiongea atasikika mji mzima.

Jina la redio halikutoka kwa msomi yeyote. Chini yao, mlango wa pili, palikuwa na mama mshonaji ambaye sindano zilimrukia meza nzima kila ngoma zilipopigwa. Siku ya kwanza tu alisimama uani akapaaza sauti, "Zimeni hiyo redio yenu ya ugomvi!" Besi akamsikia dirishani. Wimbo ulipokwisha akafungua maiki, akasema kwa ile sauti, taratibu, kila neno na uzito wake: "Hii ni Redio ya Ugomvi. Majirani, tuvumilieni." Mji ukacheka, na kuanzia siku hiyo redio haikuwa na jina jingine.

Ikashika. Wachomeleaji waliisikiliza wakichomelea, madereva wa malori waliisikiliza wasisinzie, wanafunzi waliisikiliza ili wazazi wachukie. Wenye bidhaa nao wakanusa biashara. Wauza betri, wauza rangi, wauza matairi, wote walitaka tangazo lao lisomwe na ile sauti. Besi aliyatunga na kuyasoma mwenyewe. La betri alisema, "Baba mkwe anaweza kukususia. Betri hii haisusi." Betri zilikwisha dukani.

Wadhamini, ndivyo walivyoitwa hao wenye matangazo, walipokelewa na mdogo mtu, kwa sababu ya ile tai. Siku moja, ofisini kwa mmoja wao, akaulizwa, "Na ile sauti nzito, ndiyo wewe?" Angeweza kusema, ni ya mke wa kaka yangu. Ni maneno machache, hayachoshi. Lakini mezani palikuwa na watu wakubwa wanaomtazama kwa heshima ambayo hajawahi kutazamwa nayo. Akatabasamu, akashika koo, akanong'ona, "Ndiyo mimi, ila leo nina mafua."

Mafua hayo yalidumu miaka. Sauti yake halisi ilikuwa nyembamba na kali, kama bawaba isiyotiwa mafuta, kwa hiyo mbele ya wageni hakuthubutu kuitoa. Kwenye mikutano alikohoa. Kwenye sherehe alinong'ona. Alizunguka na skafu shingoni hata jua likiwa la kuchemsha lami. Wafanyakazi wakampa jina la Mafua, wakimwita hivyo akiwa hayupo, na kumwita bosi akiwapo. Na Besi, mwenye sauti, akaanza kuingia studioni kwa mlango wa nyuma, asionekane na wadhamini.

"Mpaka lini?" alimuuliza mumewe.

"Ni mdogo wangu," Fundi akajibu. "Ukimwaibisha yeye, umeniaibisha mimi. Nivumilie, mama."

Akamvumilia kwa ajili ya mumewe, si kwa ajili ya Mafua. Kila mwezi alimeza mate machungu, na kila mwezi yalizidi uchungu.

Halafu likaja la mtoto, na hilo halikumezeka. Binti yao alikuwa darasa la tatu alipowaambia wenzake, "Ile sauti ya redioni ni ya mama yangu." Wakamcheka. Mwalimu akamwita mbele akane, akakataa kukana. Haukupita muda, Mafua akaalikwa shuleni kugawa zawadi, mgeni rasmi, skafu shingoni. Mwalimu akaona amepata shahidi. Akamsimamisha mtoto mbele ya shule nzima, akasema, "Mheshimiwa, mtoto huyu anadai sauti yako ni ya mama yake. Tusaidie." Mafua alimtazama mtoto wa kaka yake, mtoto aliyemwita baba mdogo, aliyekaa mapajani pake akila biskuti. Akaonyesha koo lake kwa kidole. Kisha akatikisa kichwa: hapana. Shule ikaangua kicheko, na mtoto akapigishwa magoti juani mpaka kengele ya kutoka.

Alirudi nyumbani bila chozi. Akaweka mkoba chini, akauliza, "Mama, mimi ni mwongo?"

Besi alimwosha magoti yenye mchanga, akamwambia, "Wewe si mwongo. Na yeye atasema hivyo kwa mdomo wake, watu wote wakisikia. Hata ikinichukua maisha." Kuna akina mama wanaosema hivyo wakiwa na hasira, wakalala, wakaamka yamekwisha. Besi aliamka nayo kila siku.

Redio ikahamia jengo jipya lenye zulia na lifti. Kulikuwa na mitambo mipya na mafundi wapya wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Asubuhi moja Fundi alifika kazini, na mlinzi wa getini, huku akitazama viatu vyake mwenyewe kwa aibu, akamwomba funguo. Bosi amesema fundi wa zamani apumzike. Fundi akazitoa moja moja kwenye pete, akamkabidhi, akarudi kwa miguu. Hakusema neno baya. Alikaa barazani miaka michache akitengeneza pasi za majirani, kifua kikamchukua, akafa bado akisema "mdogo wangu".

Mazishini wadhamini walikuja kwa heshima ya redio. Watu wakangoja ndugu wa marehemu aseme lolote. Mafua akawaona wadhamini wamesimama pale pale, akashika koo, akampa mtu mwingine kikaratasi asome. Alimzika kaka yake wa tumbo moja kimya kimya, kwa kulinda sauti isiyo yake. Besi aliona. Hakulia tena siku hiyo, machozi yalikauka palepale. Tangu hapo hakukanyaga redioni. Wakabaki wakikata na kuunga kanda zake za zamani, salamu za huku wakizishona na tangazo la kule, na wasikilizaji wasijue kwamba wanasemeshwa na viraka.

Sasa alikuwa mjane mwenye mvi, binti yake akifanya kazi duka la dawa, wakiishi vyumba viwili vyenye pazia katikati. Hapo ndipo Mafua alipokuja kubisha hodi.

"Shemeji," alisema, amekaa ukingoni mwa kiti kama anaogopa kitamng'ata, "tunafanya sherehe ya redio. Wadhamini wote watakuwepo ukumbini. Wanataka mwanzilishi asome historia ya redio, hewani, moja kwa moja. Kanda hazitafaa safari hii."

"Si usome? Wewe ndiye mwanzilishi."

"Shemeji, usinitanie. Wewe utakaa studioni ghorofani, mimi nitakuwa chumba cha mitambo. Ukimaliza nateremka nawapa mikono, basi. Mara moja tu. Fanya kwa ajili ya marehemu."

Hapo angekuwa mtu mwingine angemmwagia chai. Besi aliinamisha kichwa ili macho yasimsaliti. Kumtaja marehemu, tena kwa mdomo ule ule uliofungwa makaburini! Akapokea karatasi, akavaa miwani, akaanza kusoma. *Nilianza na chumba kimoja juu ya gereji. Nilipigilia magodoro ukutani kwa mikono yangu. Nilipoitwa mgomvi nilicheka, nikalifanya jina.* Akasoma tena kutoka juu. Akahisi kitu kinapanda kifuani, akadhani ni hasira, kumbe ni kicheko. Mafua alikuwa ameiba maisha yake neno kwa neno, na kwa kuwa alijua yatasomwa kama yake, aliyaandika yote kwa "ni". Nilianza, nilipigilia, nilicheka. Katika mdomo wa Besi, kila mstari ulikuwa kweli tupu. Mjinga alikuwa ameandika ushahidi na kuuleta mwenyewe nyumbani.

"Umeandika vizuri, shemeji," akasema. "Nitasoma."

Mafua alimfanyisha mazoezi mara mbili hapo hapo sebuleni, maana mwizi haamini mtu. Besi akasoma kama ilivyoandikwa. Mafua alipoondoka amefurahi, Besi akachukua kalamu na kuongeza herufi tatu mahali pamoja. Kisha akamwambia binti yake, "Siku ya sherehe, adhuhuri, washa redio dukani. Usiizime hata mteja akilalamika."

Siku ikafika. Ukumbi wa chini ulijaa wadhamini, meza zenye vitambaa vyeupe, spika kila kona. Ghorofani Besi aliketi mbele ya maiki, na upande wa pili wa kioo walikuwa wawili: Mafua, ameshafunga skafu, na mwanamitambo, mzee wa wajukuu ambaye Fundi alimfundisha kazi. Mwanamitambo akamtazama Besi, akamwinulia kidole. Taa nyekundu ikawaka.

"Hii ni Redio ya Ugomvi," akasema, na kule chini ukumbi ukapiga makofi, kwa kuwa sauti ilikuwa imekolea zaidi kwa uzee. "Nilianza na chumba kimoja juu ya gereji. Nilipigilia magodoro ukutani kwa mikono yangu." Mafua nyuma ya kioo aliitikia kwa kichwa, ameridhika, midomo yake ikifuata maneno. Habari ya mama mshonaji ikapita, ya tangazo la betri ikapita, ukumbi ukicheka panapochekesha. Ikafika sentensi ambayo Mafua aliiandika hivi: *Siku hizo nilikuwa nimeoa karibuni, na mwenzangu alinivumilia.*

Besi akavuta pumzi.

"Siku hizo nilikuwa nimeolewa karibuni," akasema, "na mwenzangu alinivumilia."

Ukumbini vijiko vilisimama. Mtu mmoja akacheka, akadhani ulimi umeteleza. Mwanamume huoa, haolewi, hata mtoto mdogo anajua. Mafua aliacha kuitikia kwa kichwa.

"Nimesema nimeolewa," Besi akaendelea, bila haraka, "kwa sababu mimi ni mwanamke. Niliolewa na fundi aliyeipandisha antena ya redio hii juu ya paa. Sauti hii mnayoisikia tangu mwanzo ni yangu. Mnayemshika mkono hapo chini ni shemeji yangu, na mafua yake hayakuwa mafua."

Nyuma ya kioo Mafua alikuwa amemshika mwanamitambo begani. "Zima! Zima sasa hivi!"

Mwanamitambo akaweka mikono yake miwili mapajani. "Bosi, tuko moja kwa moja. Nikizima, hewa inabaki tupu, na wadhamini wako chini wanasikiliza."

"Karatasi inasema nililazimika kuachana na fundi wa zamani," Besi alisema. "Hapo siwezi kusoma 'ni'. Hilo ni lake. Yeye ndiye aliyemwachisha kazi kaka yake, funguo zikachukuliwa getini na mlinzi. Yeye ndiye..."

Mlango wa studio ukafunguliwa kwa kishindo. Hasira humsahaulisha mtu hata kazi yake. Miaka yote hiyo katika redio, na Mafua akapita chini ya taa nyekundu inayowaka, akipiga kelele kwa sauti yake halisi: "Shemeji! Shemeji, funga hiyo maiki, unaniua!"

Ukumbi ukaisikia. Wachomeleaji, madereva, duka la dawa, wote wakaisikia, nyembamba, kali, ikipasuka mwishoni. Akatambua alichofanya. Akakiziba kinywa kwa kiganja, akaganda.

Besi hakuinua sauti. Alikuwa mtangazaji. "Wasikilizaji, studioni tumepata mgeni. Karibu, shemeji, sogea karibu na maiki. Wasalimie wadhamini wako."

Mafua akaonyesha koo kwa kidole. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea.

"Wasikilizaji, mgeni wetu anaonyesha koo," Besi akasema, na kutoka chini, kupitia sakafu, kicheko kikapanda. Alikingoja kikaisha. Kisha akauliza, na sasa sauti haikuwa ya mtangazaji, ilikuwa ya mtu aliyeosha magoti ya mtoto: "Nina swali moja. Mtoto wa kaka yako alisema shuleni kwamba sauti hii ni ya mama yake. Alisema kweli, au alisema uongo?"

Mafua akainamisha kichwa: kweli.

"Redioni hatuoni vichwa, shemeji. Sema kwa mdomo."

Alimtazama mwanamitambo, akamtazama Besi, akaitazama taa. Hakuna aliyekuja kumsaidia. "Kweli," akasema, kisauti kikimtetemeka. "Mtoto alisema kweli."

Besi akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi. Alisikia raha, raha nene ya kushiba, na hakuiona haya hata kidogo. "Hii ilikuwa Redio ya Ugomvi," akasema, akatoka kwa mlango wa mbele. Dukani kwa dawa, binti yake alikuwa amekaa chini sakafuni nyuma ya meza, akilia kwa kunguruma, na wateja wakidhani amefiwa.

Mafua alikwenda kuomba msamaha. Alikwenda na wazee, akaenda peke yake, akaenda akilia. Kuna watu wanaosimulia habari hii na kumaliza kwa Besi kumsamehe, kwa kuwa wanapenda mwisho mtamu. Wanadanganya. Besi hakumsamehe. Alimwambia, "Niliomba nini kwako miaka yote? Neno moja. Umelitoa ulipobanwa. Nenda." Tena akakataza kanda zake zote zisipigwe tena, na aliyethubutu kubisha alitolewa uvivu.

Sasa ndipo uzuri ulipo. Wadhamini hawakuondoka. Walikuwa wameuziwa matangazo yanayosomwa na mwanzilishi mwenyewe, na mmoja wao, mtu wa matairi, mtu mwenye roho ya utani mbaya, akasema, "Sisi tulilipia mwanzilishi. Asome." Wengine wakadaka. Mafua akakosa pa kutokea. Mpaka leo, adhuhuri, vipaza sauti vya gereji na vinyozi hutoa kile kisauti kikisifu matairi, kinapanda mpaka pumzi inakikatikia katikati ya neno, na mji mzima unapumzika kazi kidogo ili ucheke.

Besi huacha lolote alilo nalo mkononi, hata sufuria ikiwa motoni. Huvuta kiti mpaka karibu na redio, binti yake akija chakula cha mchana hukaa upande wa pili. Jirani mmoja mwenye huruma aliwahi kuwakuta hivyo, wanafuta machozi ya kicheko. Akasema, "Lakini mama, huyo si ndugu wa marehemu mumeo? Haikuumi?"

"Ndiye shemeji yangu," Besi akajibu kwa sauti ile ile ya kutetemesha vikombe. "Nyamaza nimsikie."